Uzi: Nilivyokwenda Afcon ya Cairo 2019 kwa mshahara wa duka la vifaa vya ujenzi (na hesabu kwa anayetaka kwenda nyingine)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu Taifa Stars watolewe na Morocco kwenye Afcon (Kombe la Mataifa ya Afrika) pale Rabat Januari 2026, kila kijiwe ninachokaa hakosekani mtu wa kusema "ningekuwa na hela ningekwenda". Huwa namuuliza: hela kiasi gani? Hajui. Hajawahi kukaa chini akapiga hesabu, ila ana uhakika haitoshi. Basi nimefukua daftari langu la 2019, lile lenye jalada la bluu na doa la maharage ya Cairo, nimwage kila kitu hapa.

Mimi si bosi. Mwaka huo nilikuwa naandika risiti na kuhesabu mifuko ya saruji kwenye duka moja Buguruni, mshahara laki sita na nusu. Nina mke na mtoto mmoja. Sikuwa na mfadhili wala sikwenda na msafara wa mtu.

Kitu ambacho watu hawaamini ni hiki: tiketi ya mechi ndiyo gharama ndogo kuliko karibu zote. Pale Cairo kiti cha bei ya chini kwa mechi zisizo za wenyeji kilikuwa pauni 100 za Misri, ambazo kwa chenji ya wakati ule ni kama elfu kumi na nne za kwetu. Nimewahi kulipa zaidi ya hapo kwa Mkapa siku ya watani, Simba na Yanga. Kinachommaliza msafiri ni kununua vitu kwa mpangilio mbaya, na kukwama usiku mbali na alikolala. Hayo mawili tu.

Nianze na mpangilio.

Kibubu nilikianza Oktoba 2018, wiki ile tuliyoifunga Cape Verde 2-0 hapa Dar baada ya kupigwa tatu kwao siku nne kabla. Laki moja na nusu kila mwisho wa mwezi, kwenye laini ya simu ambayo namba yake ya siri alikuwa nayo mke wangu peke yake. Kumbukeni wakati huo michuano ilikuwa ya Cameroon! Kwa hiyo nilikuwa naweka hela ya kwenda Yaoundé. Tarehe 30 Novemba CAF, wakuu wa soka la Afrika, wakawanyang'anya Wacameroon uenyeji kwa sababu ya maandalizi kuchelewa, na Januari 8 wakawapa Misri. Mimi nikachekelea. Nauli ya Cairo kutoka Dar ilikuwa na unafuu, na ndege ni nyingi.

Machi 24, 2019 mnaikumbuka wenyewe. Tuliifunga Uganda tatu bila, tukafuzu: Msuva, Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Miaka 39 tangu tushiriki mara ya mwisho, Lagos 1980. Usiku ule ule nusu ya Dar ilisema inakwenda Misri, na kuna jamaa yangu aliyekata tiketi ya ndege kabla ya Pasaka kwa sababu aliona bei nzuri. Kosa la kwanza hilo. Droo ilikuwa bado! Ilifanyika Aprili 12 pale Giza, mji ulio jirani na Cairo, na kabla ya droo hujui utacheza tarehe ngapi wala mji gani. Tungeweza kupangwa Alexandria, Suez au Ismailia. Yeye alichagua kurudi Juni 30. Droo ikatoka: mechi yetu ya tatu, na Algeria, Julai mosi. Kubadili tarehe kulikuwa na faini karibu ya nusu ya nauli, akaacha. (Tulipopigwa tatu na Waalgeria alinitumia ujumbe mmoja tu: "Mungu hamtupi mja wake.")

Mimi nilisubiri droo, nikalala, asubuhi nikanunua. Kupitia Addis Ababa, kwenda Juni 22, kurudi Julai 2. Tsh 1,130,000. Kibubu kilikuwa na 1,050,000 nikijumlisha na ile ya mwisho wa Aprili ambayo sikuwa nayo bado, kwa hiyo hiyo nikaikopa kwa shemeji, pamoja na elfu themanini za juu. Mchezo wa kazini, ule wa kuchangiana na kupokezana hela, uliniangukia Mei, laki nane, nikamlipa na iliyobaki ikawa ya kulia na kulala.

Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo tayari, ile ya kielektroniki ya 150,000. Hii usiisubiri timu ifuzu. Ukianza kuitafuta baada ya droo utakuta foleni ya watu wenye ndoto kama yako.

Baada ya ndege ndipo tiketi za mechi. Misri walikuwa na tovuti yao ya Tazkarti: unajisajili kwa pasi na picha, unapewa kitambulisho cha shabiki, na bila hicho huingii uwanjani hata ukiwa na tiketi mkononi. Halafu viza, ubalozini hapa hapa Dar. Kwangu walitaka barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi mitatu, tiketi ya kwenda na kurudi na mahali pa kulala. Kitanda nilikiweka hosteli moja katikati ya mji, ya vyumba vya watu sita sita, kwa mpango wa kulipa ukifika na kufuta bila faini.

Mbona sikupitia wakala? Nilimwendea mmoja. Alitaka milioni nne na laki tatu, nusu mkononi, na nilipouliza hoteli iko mtaa gani akasema "maeneo mazuri mazuri". Rafiki yangu alilipa hiyo nusu kwa wakala mwingine, viza ikatoka michuano ikiwa imeshaanza.

Naendelea chini, nimeitwa chakula.

#2 Mdau wa Tabata

Chai hiyo, uongo. Siku kumi Misri kwa mshahara wa laki sita na nusu? Ulilala msikitini, mkuu? Weka mchanganuo tuone.

#3 Mdau wa Mwanza

Nimeweka kambi hapa. Endelea kaka, usitukimbie kama wale wa nyuzi za utajiri.

#4 Mwanzisha uzi

Mchanganuo huu hapa, kutoka kwenye daftari, pauni moja nikiihesabu Tsh 138:

Ndege 1,130,000. Viza, bima, picha na daladala za kufuatilia makaratasi 190,000. Kulala usiku kumi kwa pauni 120, jumla 166,000. Kula 138,000, yaani pauni 100 kwa siku. Tiketi za mechi tatu 41,000. Kuzunguka Cairo 62,000. Laini ya simu 14,000. Kwenda Giza kuona mapiramidi, na shela mbili za mama na mke, 85,000. Jumla milioni moja, laki nane na elfu ishirini na sita. Nilitua Dar na elfu ishirini na nne mfukoni, nikapanda daladala kutoka uwanja wa ndege.

Tazama vizuri hapo. Ndege ni zaidi ya nusu. Ukiipata ndege vizuri, mengine ni kubana matumizi ya kawaida tu kama tunavyobana hapa.

Na kula sikujinyima. Cairo asubuhi kuna mzee wa mkokoteni, ana chungu cha shaba chenye shingo nyembamba, ndani maharage yaliyochemka usiku kucha. Anachota kwa upawa mrefu, anaponda, anamimina mafuta na ndimu na bizari ya pilau, anakukunjia kwenye mkate mwembamba wa ngano. Ful hiyo. Mikate miwili na hushiki njaa mpaka saa nane mchana. Mchana koshari: wali, tambi, dengu, vitunguu vya kukaanga na sosi ya nyanya, vyote bakuli moja. Mara ya kwanza nilidhani mpishi amechanganyikiwa. Mara ya tatu nikawa naomba pilipili ya ziada. Wenzangu waliokuwa wanatafuta ugali na kuku wa kukaanga kwenye migahawa ya kitalii ndio waliomaliza hela siku ya tano.

Jingine la bure: tarakimu. Mabasi na bei nyingi za mitaani zimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, si hizi tunazotumia sisi. Kaa nusu saa kwenye ndege uzikariri, kumi tu. Kwa kuzitamka, sisi Waswahili tumeshapewa nusu ya somo na mababu. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, Mmisri anazisikia. Anaweza kucheka lafudhi lakini anajua unataka kulipa ngapi. Nilinunua samaki na sukari bila mkalimani.

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa pauni tatu, tano au saba kulingana na umbali. Nilikuwa naishi humo.

#5 Mdau wa Nairobi

Jirani, umeandika mambo ya maharage na koshari aya nzima, lakini mechi yetu na nyinyi ya tarehe 27 Juni umeruka kama hujaiona. Ama ni mimi? 😂

Nilikuwa pale. Olunga mbili, Omolo moja. Sisi wengi tulitoka Nairobi na ndege ya moja kwa moja. Bei ilikuwa juu kidogo kuliko ya kupitia Addis, lakini hulali njiani. Wale walioshinda kwa hesabu ni wanafunzi wetu waliokodi nyumba moja ya vyumba vitatu watu tisa, wakapika wenyewe. Unga walibeba kutoka nyumbani. Kwa hivyo ugali ulikuwepo, kaka, hukutuuliza tu.

#6 Mwanzisha uzi

Mdau wa Nairobi, nilijua mtakuja. Haya niisimulie maana ndiyo yenye fundisho la pili, la kukwama usiku.

Kundi letu lilichezea uwanja wa 30 June, uko nje ya mji kwenye barabara ya kwenda Suez. Treni haifiki. Mechi ya kwanza na Senegal ilianza saa moja jioni, tukafungwa mbili, tukarudi mjini mapema, hakuna shida. Mechi na Kenya ilianza saa nne usiku saa za Cairo, nyumbani saa tano. Msuva dakika ya sita! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Olunga akasawazisha dakika ya 39, hata hawajakaa, Samatta dakika ya 40, mbili moja. Mapumziko Wakenya waliokaa safu ya chini yetu walikuwa wamenyamaza kabisa, mmoja amefunika uso kwa bendera. Kipindi cha pili mnakijua. Omolo, halafu Olunga tena dakika ya 80.

Filimbi ya mwisho, inakaribia saa sita usiku. Tukatoka nje, mimi na Watanzania wenzangu wawili wa hosteli. Giza totoro, barabara pana, magari yanapita kwa kasi. Mabasi ya mashabiki yalikuwepo lakini yaliondoka na vikundi vyao. Uber kwenye simu bei imepanda mara tatu, na kila dereva anayekubali anafuta akiona tulipo. Tukatembea kama nusu saa kufuata taa. Akatokea teksi nyeupe. Dereva mzee, hajui Kiingereza hata chembe. Nikamwonyesha ramani kwenye simu, imeandikwa kwa herufi za kizungu, anatikisa kichwa. Nikamwambia jina la mtaa, hanielewi matamshi.

Kilichotuokoa ni kadi ya hosteli. Siku ya kwanza pale mapokezi niliona kadi ndogo zimeandikwa Kiarabu upande wa nyuma, nikachukua moja bila kufikiri, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa pasi. Mzee akaisoma, akasema "aaah!", akataja 300. Nikamwambia mia. Akacheka. Tukafika mia na hamsini, kwa Kiswahili chetu na Kiarabu chake, na hapo ndipo alipokuja mbio Mkenya mmoja aliyeachwa na wenzake, akaomba lifti. Wanne, pauni 37 na nusu kila mmoja. Yeye alikuwa na 23 tu mfukoni. Imeandikwa humu kwenye daftari: "Mkenya, 14.50." Njia nzima aliimba.

Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi ya mechi, jiulize kwanza: mechi ikiisha saa hiyo, narudije? Saa za mechi zinatoka pamoja na ratiba, si siri. Mechi ya usiku nje ya mji iwekeeni bajeti ya teksi ya watu wanne tangu nyumbani, na mpangane kabla ya kuingia uwanjani, si baada ya kufungwa.

Mechi ya tatu ilihamia uwanja wa Al Salam, maana mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na Kenya walikuwa na Senegal pale pale 30 June. Tulikodi gari ndogo watu kumi na mbili, likatusubiri. Tatu bila. Tulirudi kwa raha na kwa bei nafuu, ingawa hakuna aliyesema neno.

#7 Mdau aliyekwenda San-Pédro

Nichangie kwa wale mnaodhani kila Afcon iko kama Cairo.

Januari 2024 Ivory Coast. Stars walipangwa San-Pédro mechi mbili, tarehe 17 na Morocco, 21 na Zambia, halafu ya tatu tarehe 24 Korhogo na DR Congo. Fungueni ramani. San-Pédro iko baharini kusini magharibi, kilomita zaidi ya 300 kutoka Abidjan. Korhogo iko kaskazini kabisa, kama kilomita 600 kutoka Abidjan. Siku tatu kati ya mechi na mechi! Mimi nilipata basi, nikalala Bouaké njiani, nikafika Korhogo siku ya mechi mgongo umekufa. Sare ya bila kufungana.

Ndege Dar-Addis-Abidjan ilinigharimu karibu mara mbili ya aliyotaja mwanzisha uzi. Viza tulijaza mtandaoni, tukachukua stika uwanja wa ndege Abidjan. Ilikwenda vizuri. Shida ni kulala San-Pédro. Mji mdogo, timu nne, waandishi, mashabiki wa Morocco wenye hela. Nyumba za wageni zilipandisha bei mpaka za jijini. Tulikodi chumba kwa mama mmoja anayeuza attiéké, watu watatu, tukalala kwenye magodoro sebuleni. Alitupikia garba kila asubuhi, attiéké na jodari wa kukaanga na pilipili. Hela ndogo, shibe kubwa.

Na Kifaransa! Bila Kifaransa unalipa bei ya mgeni kila mahali. Abidjan kuna gbaka, ndizo daladala zao, na woro-woro ni teksi za kushirikiana. Konda anataja kituo kwa kasi kama wetu wa Mbagala. Nilipanda la kinyume mara mbili.

Kwenye mechi ya Zambia Msuva alifunga mapema, wao wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na Daka akasawazisha dakika ya 88. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna bajeti inayoifuta.

#8 Mdau wa Mwanza

Swali langu. Mimi ni mwanamke, nataka kwenda peke yangu maana marafiki zangu wote wanasema watakuja halafu wanaishia kwenye kundi la WhatsApp. Inawezekana? Na hosteli za watu sita sita zinakuwaje?

#9 Mdau wa Rabat (mwanafunzi)

Dada, inawezekana. Mimi nasoma huku Morocco na kwenye Afcon ya huku nilipokea wasichana wawili kutoka nyumbani ambao hawakuwa wanajuana kabla. Hosteli nyingi zina chumba cha wanawake pekee. Kitafute hicho hicho unapoweka nafasi, na soma maoni ya wanawake waliolala hapo, yale ya nyota tatu hasa. Ya nyota tano hayasemi kitu. Panga kutua mchana. Ukitua saa tisa usiku, nauli uliyookoa utaimaliza kwa teksi na hofu.

Niongezee moja kuhusu tarehe ya kurudi. Stars huku walicheza na Nigeria mjini Fès tarehe 23 Desemba 2025, kisha Uganda tarehe 27 na Tunisia tarehe 30, zote mbili Rabat. Fès mpaka Rabat ni treni, saa chache tu, kwa hiyo hapo tulibahatika. Lakini karibu kila Mtanzania niliyekutana naye alikuwa ameweka kurudi tarehe 31 au mosi. Nani alitegemea? Pointi mbili, tukapita kwa nafasi ya tatu, mara ya kwanza kabisa kuvuka makundi, na mechi na Morocco ikawekwa Januari 4. Nimeona watu wazima wamekaa ukumbi wa uwanja wa ndege wanaangalia tiketi zao kama cheti cha kifo. Wachache waliokuwa na tiketi inayobadilishwa kwa ada ndogo walibaki, wakaona Stars wakifungwa moja tu na wenyeji.

Halafu baridi. Fès Desemba si mchezo, na mtu kaja na jezi na kandambili. Koti la mtumba la Karume nunua huko huko, hapa ni ghali.

#10 Mwanzisha uzi

Mdau wa Rabat ameniwahi. Mimi 2019 sikuwaza hata mara moja kwamba tungevuka, na kweli tuliondoka na pointi sifuri. Kuanzia sasa inabidi tuwaze. Timu zikiwa 24, nne kati ya sita zinazoshika nafasi ya tatu zinapita, kwa hiyo hesabu ya kurudi siku ya pili baada ya mechi ya tatu imeshapitwa na wakati. Weka siku tano mbele, au lipia ile nyongeza ya kubadili tarehe. Siku tano za ful na kitanda cha pauni 120 ni rahisi kuliko tiketi mpya.

#11 Mdau wa Muscat

Salaam alaykum jamani. Sisi tulio huku Oman tuna mbinu nyengine, ya kulala nchi jirani. Kombe la Dunia 2022 Doha malazi yalikuwa moto. Binamu yangu alitoka Unguja, alikuwa na kadi ya Hayya, kibali cha mashabiki cha kuingia Qatar, na Oman wakati ule waliwapa wenye Hayya viza bure. Akalala kwangu Muscat, mechi akaifuata kwa ndege asubuhi na usiku akarudi. Tiketi ya makundi ya bei ya chini kwa mtu wa nje ilikuwa dola 69, na ukishafika Doha treni ilikuwa bure kwa mwenye Hayya. Nauli za kwenda na kurudi si ndogo, siwadanganyi, ila alikuwa hanunui chakula wala halipi kitanda. Kwa hiyo kabla hujatafuta hoteli, tafuta ndugu. Waswahili tuko kila pahala.

#12 Mdau wa Tabata

Sawa mkuu, chai naifuta, nimeona mchanganuo. Sasa tuambie ya 2027 inayokuja kwetu, Kenya na Uganda. Hapo kuna safari ya nje kweli au tunakaa Mkapa?

#13 Mwanzisha uzi

Hapo ndipo penye utamu, na ndiyo maana nimeufungua uzi huu sasa.

Mwenyeji kwa kawaida makundi anachezea kwake, kwa hiyo Stars utawaona bila pasi. Lakini fikiria: Nigeria, Senegal, Misri au Morocco akipangwa Kampala au Nairobi, lini tena utamwona kwa nauli ya basi? Mimi nimeshaamua nitafuata kundi moja la nje, lolote litakalotoka na timu kubwa.

Nilifanya majaribio Agosti 2025 kwenye CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Nilikwenda fainali tarehe 30 kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi, Morocco na Madagascar, 3-2. Basi Dar mpaka Nairobi kupitia Arusha na Namanga, unaondoka alfajiri unafika usiku. Viza hakuna kwa sisi wa Jumuiya. Sisi Watanzania beba pasi, au hati ya muda ya kusafiria toka uhamiaji, usimuige Mkenya au Mganda anayevuka mpaka wao kwa wao na kitambulisho cha taifa. Na kadi ya homa ya manjano, ile halisi. Namanga niliona jamaa kashushwa na begi lake.

Kasarani iko kando ya Thika Road, matatu zinapita mpaka usiku, ila siku ya mechi kubwa usilale katikati ya jiji. Lala huko huko upande wa Roysambu utembee kwa miguu. Mimi nilipanga katikati ya jiji kwa sababu ni rahisi kwa pauni, samahani, kwa shilingi mia tatu ya Kenya, na nikalipa hiyo hiyo mara mbili kwenye bodaboda. Yaani nimeandika fundisho la Cairo kwa mkono wangu na bado nikaingia shimo lile lile.

Watu wa Bukoba ndio matajiri wa michuano hii bila kujua. Mutukula mpaka Kampala ni safari ya nusu siku.

Kibubu kinaanza mwezi huu. Elfu arobaini kwa wiki, ile ile laini ya mke. Droo ikitoka nitarudi hapa.

#14 Mdau wa Nairobi

Jirani, ukija Nairobi nitafute. Na huyo Mkenya wa 14.50 alikuwa na bendera usoni ama ni mwingine?

#15 Mwanzisha uzi

Wa bendera alikuwa mwingine, alikuwa mnene. Huyu wa deni alikuwa mrefu, kofia ya Gor Mahia. Mkimjua mwambieni sijasahau.

Wanaoniomba picha ya daftari inboksi, sina namna ya kuipiga usiku huu, umeme umekatika na simu ina asilimia sita. Kesho nikitoka kazini nitaweka ile kurasa ya mahesabu. Mwandiko mbaya, nusu niliandika ndani ya treni.